Wavu wa Nuru

Tukipewa somo la biolojia tulitafsiri, sisi wa lugha hukimbilia kamusi. Tunakuta "usanisinuru", tunaridhika. Neno hilo sina ugomvi nalo. Nagombana na mazoea ya kuishia hapo, ilhali Uvira kando ya ziwa kuna maneno yanayongoja kazi.

Chukua dayatomu, vijimea vya seli moja vinavyoelea katika Tanganyika. Vidudu vya majini huvila, ndagala hula vidudu, mukeke hula ndagala. Maji humeza nuru nyekundu mapema. Inayofika chini zaidi ni ya buluu na kijani, na klorofili peke yake hainasi kijani vizuri. Ndiyo maana utando wa ndani wa dayatomu umejaa protini zenye rangi ya kahawia, fukozantini, inayoinasa. Mwaka 2019 watafiti wa China walichapisha umbo la protini moja ya aina hiyo, ya dayatomu wa baharini: klorofili a 7, klorofili c 2, fukozantini 7, zimesongamana kiasi kwamba nishati hurukia kutoka moja hadi nyingine, mpaka kwenye mtambo unaopasua maji na kutoa oksijeni.

Kwa Kifaransa protini hizo huitwa antena. Mtoto wa Kalundu atawaza redio. Lakini baba yake usiku huwasha taa ziwani ili ndagala wakusanyike juu ya wavu. Basi tuseme "wavu wa nuru": safari hii kinachovuliwa ni nuru yenyewe. Mtasema hiyo ni lugha ya wavuvi. Na antena je? Katika Kilatini ulikuwa mti wa kutungikia tanga!

Si mchezo wa maneno huu. Mwaka 2003 utafiti katika jarida la Nature ulikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea vya ziwa letu umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na mavuno ya samaki labda asilimia 30: maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vema na ya chini yenye virutubisho. Mvuvi anayetakiwa kupumzisha nyavu zake anastahili kuelezwa hayo kwa lugha anayoitumia kuuza samaki.

Kazi zetu za istilahi za mwaka huu zisomwe kwanza kwa sauti pale Kalundu, mitumbwi inapoingia asubuhi, ndipo zipelekwe kwa profesa.