Staa, Mwache Mwanafunzi Ale Chipsi Zake

Mastaa wetu wa Bongo wana katabia. Likitokea shambulio la kigaidi, iwe Nairobi au Paris, siku ya kwanza ni picha nyeusi Insta na mshumaa. Siku ya tatu wanaanza kusema watu: mmeshasahau, mnakula bata tu! Majina kapuni, mnawajua. Kiki hizi jamani!

Chukua Garissa. Alfajiri ya Aprili 2, 2015, Al-Shabaab waliingia chuo kikuu, wanafunzi wengi wakiwa bado bwenini, wengine kwenye maombi. Waliuawa watu 148. Sasa pale Mazimbu, Morogoro, kuna kampasi ya SUA, na mwanafunzi wa pale alfajiri ya bwenini anaijua: ndoo bafuni, mwenzake bado anakoroma. Habari kama ile inamwingia kuliko staa mwenye mlinzi getini. Lakini jioni njaa inauma vilevile. Anatoka kula chipsi mayai, anataniana na washkaji, anapanda boda anarudi kusoma. Huyo ndiye aambiwe hana uchungu?

Halafu Mazimbu siyo pa kufundishwa kuishi na hofu. Kampasi ina jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979 akiwa na miaka 22 tu. ANC ilijenga shule hapo kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya Soweto 1976. Na walijua makaburu wanawafuata wakimbizi mpaka nje ya nchi: Desemba 1982 makomandoo waliingia Maseru, Lesotho, wakaua watu 42. Ila Mazimbu watu walisoma, walilima, walifuga nguruwe, walicheza mpira, walipendana wakazaa, mpaka chekechea ikawepo. Wenzao waliofariki waliwazika hapohapo, makaburi yapo hadi leo. Mtu alikuwa anatoka kuzika anaenda darasani. Aliyesahau hapo ni nani?

Staa mwenye uchungu wa kweli kazi ipo, tena haihitaji kamera. Baada ya Westgate, Septemba 2013, Wakenya walipanga foleni Uhuru Park kutoa damu. Majeruhi walikuwa wanaisubiri. Nani alikuwa na muda wa kumuuliza mtoa damu wikiendi ile alikuwa baa gani?