Rangi za giza kwenye kucha: Hakikisha zimeiva hadi ndani

Kuna lalamiko lisiloisha katika saluni za kucha. Binti amepakwa jeli nyeusi Jumamosi, na kufikia Jumatano imebanduka kama ganda la kitunguu, chini yake rangi ingali mbichi. Mwenzake aliyepakwa waridi hafifu siku iyo hiyo, kwa fundi yuyo huyo, kucha zake zingali safi. Mwenye kucha humlaumu fundi, naye fundi huilaumu chupa. Leo tuangalie kiini cha jambo hili.

Kwanza, elewa kwamba jeli haikauki kama kuteksi ya kawaida. Kuteksi hukauka kwa sababu majimaji yake hupaa hewani. Jeli haipai. Ndani yake mna kemikali ambazo zikimulikwa na taa maalum huanza kushikana, hata jeli ikawa ngumu. Mwanga usipofika, jeli hubaki mbichi hata ukingoja hadi kesho.

Hapo ndipo rangi za giza huleta matata. Nyeusi, damu ya mzee, zambarau na kijani cha chupa zina chembe nyingi za rangi, na chembe hizo huuzuia mwanga kupenya. Ukipaka tabaka nene, juu huiva na chini husalia uji. Ni kama andazi lililotiwa katika mafuta ya moto kupita kiasi: nje limepiga wekundu, ndani ni unga mtupu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata nyeupe nzito ina tabia hii, kwa hivyo usidhani ni nyeusi peke yake.

Sasa chukua mfano wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha. Kazi za huko ni za mikono. Wapo wanaolima viazi, mahindi na kabeji, na kando ya ziwa wapo wanaokata na kupanga maua katika mashamba makubwa. Mikono hushinda ndani ya maji, udongo na glavu. Jeli iliyoiva nusu haiwezi kuhimili siku mbili za kazi kama hiyo. Isitoshe, umeme ukipotea, fundi hushika taa ya betri, na betri ikikaribia kwisha mwanga wa baadhi ya taa hizo hufifia bila yeye kutambua.

Je, ufanyeje? Haba na haba hujaza kibaba. Mwambie fundi apake tabaka nyembamba mbili au tatu, na kila moja imulikwe kivyake. Tabaka la kwanza likionekana lina mabaka, usihofu. La pili litayafunika. Kabla ya kupaka, chupa ibiringishwe viganjani, kwani chembe za rangi hutuama chini.

Muda ufuate maelezo ya chupa. Taa za siku hizi za LED aghalabu huhitaji sekunde 30 hadi 60 kwa kila tabaka, ilhali zile za zamani zenye balbu ndefu huhitaji kama dakika 2. Balbu hizo huchakaa na kupoteza nguvu hata zikiwa bado zinawaka, kwa hivyo zibadilishwe. Taa ipanguswe pia, maana jeli iliyogandia humo huziba mwanga. Ikiwezekana, taa na jeli viwe vya mtengenezaji mmoja, kwa kuwa si kila taa hutoa mwanga unaoifaa kila jeli. Wingi wa wati ulioandikwa kwenye boksi si hakikisho.

Usisahau kidole gumba. Ukiingiza vidole vyote pamoja, gumba hulala upande na mwanga hauipati kucha sawasawa. Kimulikwe peke yake.

Utajuaje kwamba jeli imeiva? Ule utelezi wa kunata unaobaki juu si dalili ya ubichi. Husababishwa na hewa, nao hufutwa kwa spiriti. Lakini rangi ikijikunja, au ikibonyea baada ya tabaka la mwisho kumulikwa na kufutwa, haijaiva. Fundi anaweza pia kupaka rangi juu ya plastiki angavu, aimulike, kisha aibandue na kukwaruza upande wa chini. Ikimpaka kidole cha glavu, apunguze unene. Rangi iliyojikunja isifunikwe kwa tabaka jingine. Ifutwe na kazi ianzwe upya.

Msomaji, hili si suala la urembo na pesa tu. Jeli mbichi ina kemikali ziitwazo akrilati. Zikigusa ngozi mara kwa mara zinaweza kuleta mzio: vidole kuwasha na kutoa malengelenge, kucha kuachana na nyama, hata vipele kwenye kope. Mwaka 2018, chama cha madaktari wa ngozi cha Uingereza kilitoa onyo kuhusu jambo hili. Mzio huu ukishaingia, kwa kawaida haukutoki maishani. Kemikali za jamii hiyo hutumika pia kuziba meno na kushikilia viungo bandia, kwa hivyo huenda ukaulizwa habari zake hospitalini miaka mingi baadaye.

Aliye hatarini zaidi ni fundi mwenyewe, anayeshika chupa hizo kutwa. Avae glavu za naitraili, azibadilishe mara kwa mara, na jeli ikigusa ngozi ya mteja aifute kabla ya kumulika. Nawe ukihisi mwasho, usijikaze kwa sababu ya sherehe. Iondoe jeli na umwone daktari.

Mtu anayeishi kwa kazi ya mikono hana mtaji mwingine. Ukiketi kwenye kiti cha saluni, mruhusu fundi achukue dakika zake zote, wala usimharakishe kwa kuwa matatu inapiga honi nje.