Tembea ukingo kwanza, tyubu baadaye

Kila Desemba, vijana wetu wanaofanya kazi Nairobi na Nakuru wakirudi nyumbani kwa Krismasi, karakana yangu ya tairi hapa Silibwet hupata wateja wasio na gari. Wanataka tyubu za lori. Wameona kwenye simu jinsi watu wa Marekani wanavyojilaza juu ya mipira na kuteremka na mto siku nzima ya kiangazi, nao wanauliza kwa nini mto wetu Nyangores usitufae sisi. Mwaka huu aliyetangulia ni mtoto wa dada yangu. "Mjomba, tuazime sita tu, jioni tutazirudisha." Nikamjibu kwamba tyubu zipo, ila hiyo jioni siikubali.

Mimi si wa kukataza watu mto. Watoto wa huku wameogelea Nyangores, Itare na Kiptiget tangu kabla ya mashamba makubwa ya chai kupandwa Kericho miaka ya 1920, na wataendelea kuogelea. Ninachopinga ni safari inayopangwa kuanzia kwa mbuzi wa kuchoma na spika ya muziki, halafu mto ukafikiriwa mwisho.

Anza na saa. Nchi ya chai ni nchi ya mvua. Upande wa Kericho hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na chai hustawi kwa sababu hiyo. Asubuhi huwa shwari. Mchana upepo wa kutoka Ziwa Victoria hupanda na kukutana na milima ya Mau, mawingu hujikusanya, na alasiri mvua huanguka, mara nyingi pamoja na mawe yanayochanachana majani ya chai. Mvua hiyo huweza kunyesha kwenye msitu wa Mau huku wewe uko Bomet unaota jua. Maji yake hukufikia baadaye, mekundu kama chai ya maziwa, yamebeba magogo. Tangu mwaka 2001, serikali ilipoamua kumega makumi ya maelfu ya hekta za msitu huo, sisi wa huku chini tumeona mito ikijaa haraka na kupungua haraka. Msitu uliokuwa ukiyashika maji haupo tena mahali pengi. Kwa hiyo nasema ingia majini saa tatu asubuhi, na saa sita mchana kila mtu awe amekaa kwenye nyasi.

Kisha tazama kalenda. Likizo ya Aprili ni masika, usiiguse. Agosti watoto wako nyumbani lakini Mau bado inanyesha. Wiki nzuri ni ile kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule, na kwa watu wazima Januari hadi katikati ya Februari, ikiwa siku mbili tatu zilizotangulia hazikunyesha.

Sasa mto wenyewe. Pale Tenwek, Nyangores una maporomoko, na hospitali ya misheni imeyatumia kuzalisha umeme tangu miaka ya 1980. Hakuna sababu yoyote ya kuweka tyubu majini juu yake. Mito ya upande wa Kericho ina vizuizi ambavyo kampuni za chai zilijenga kwa ajili ya mitambo yao ya umeme. Kizuizi kifupi, hata kisichomfika mtu kiunoni, kinatisha kuliko kinavyoonekana: maji yanayomwagika juu yake hujizungusha pale chini na kumrudisha mtu ndani tena na tena, hata kama anajua kuogelea. Na huko mbali, baada ya Nyangores kuungana na mto Amala na kuwa mto Mara, ni kwa viboko na mamba. Mwenye akili hafiki huko juu ya mpira.

Ndiyo maana namtaka kila anayeniomba tyubu aitembee sehemu yake yote kwa miguu, ukingoni, siku moja kabla. Aone mti ulioanguka, maana matawi hupitisha maji na kumnasa mtu. Achague mahali pa kutokea na pengine pa kutokea ikiwa pale pa kwanza patampita. Amwombe ruhusa mwenye shamba, kwa kuwa njia nyingi za kufika mtoni hupita katikati ya chai ya mtu.

Kuhusu tyubu, nisikilizeni kama fundi. Valvu ya lori ni ndefu na ni ya chuma, hukata mapaja. Ikunjie ndani, uifunike kwa kipande cha mpira. Msizifunge tyubu kwa kamba ili mkae pamoja, kamba hunasa kwenye jiwe na kuwazamisha wote. Msivae gambuti, hujaa maji. Na tyubu si kifaa cha kuokoa maisha. Jaketi la kuokolea ndicho kifaa hicho, na Kisumu huuzwa kwa wavuvi. Ukianguka, lala chali, miguu mbele.

Lakini mzigo wa usalama mtoni si wa vijana peke yao. Kule Sagana, kwenye mto Tana, watu hulipa kuteremka na maji wakiwa na kofia ngumu, jaketi na kiongozi aliyefunzwa. Vijana hupata kazi huko. Bomet inaweza kuchagua sehemu moja tulivu na kufanya vivyo hivyo.

Na kuna jambo rahisi zaidi. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vituo vya kupima kina, Nyangores hapa Bomet na Amala pale Mulot. Vipimo hivyo huwafaa wataalamu, navyo vingeweza kumfaa mama aliyemtuma mtoto kuchota maji. Wiki za likizo visomwe asubuhi kwenye redio zinazosema Kipsigis, baada ya matangazo ya vifo ambayo kila nyumba husikiliza. Kwenye nguzo ya daraja pachorwe mstari mwekundu: maji yakiufikia, hakuna anayeingia. Wataalamu waje waonyeshe uchorwe wapi. Debe la rangi nitanunua mimi.