NGOMA YA KARAGWE



Wako watu wasemao: "Kura ina faida gani? Wenyewe wamekwisha panga." Maneno haya twayasikia barazani, sokoni, na hata ndani ya matawi yetu. Twayahisabu kuwa ni hatari kuliko kirungu. Kwani kirungu huumiza mwili, na kauli hii huua nia.

Na tukitazame kisa cha Karagwe, nchi ambayo leo imo katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika kwa mfalme Rumanyika, akasimuliwa jinsi alivyourithi ufalme. Alipofariki Ndagara, baba yao, wana watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, iliyotiwa dawa. Wawili walijitahidi wasiweze kuitikisa. Rumanyika akaiinua kwa kidole chake kidogo. Ikawa ni ishara kuwa mizimu imemchagua.

Lakini Rogero, mmoja wa nduguze, hakuridhika, akakusanya jeshi. Rumanyika alimshinda kwa msaada wa bunduki za Musa, mfanyabiashara wa Kaze, ndiyo Tabora ya leo. Twauliza: ikiwa ngoma ilitosha, bunduki zilikuwa za nini?

Hiyo ndiyo tabia ya utawala popote. Nguvu peke yake humchosha mwenye kuitumia. Kwa hivyo hutaka watu waamini kuwa mambo yamekwisha andikwa. Aaminiye kuwa ngoma ni nzito hanyoshi hata mkono. Na kila mmoja amwonapo jirani yake amenyamaza, naye hunyamaza, akidhani yu peke yake.

Hapa Visiwani, uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa siku tatu baadaye. Ule wa marudio wa Machi 2016, uliosusiwa na chama kikuu cha upinzani, ukampa mshindi zaidi ya asilimia 91. Wako waliokata tamaa tangu siku ile. Sisi twaona kinyume chake: kura isiyo na uzito haina haja ya kufutwa.

Basi kila mwanachama ajiandikishe, akihifadhi kitambulisho chake, na amhimize jirani yake. Wala viongozi wetu nao tusiwafanye wainua ngoma, tuwaulize, watujibu. Ngoma ni nyepesi. Dawa iliyoitia uzito ni khofu yetu wenyewe.