Dalali wa Muuzaji si Wako

Dalali aliyenipeleka kuona nyumba mpya karibu na soko la Mwala alinichukua Machakos kwa gari lake, akaninunulia choma na soda, wala hakuniomba hata shilingi ya mafuta. Hapo ndipo ningeshtuka. Mtu asiyekulipisha analipwa na mwingine.

Nyumba yenyewe ilivutia: vyumba vitatu, mabati mekundu, rangi bado inanuka. “Bosi, hii haimalizi wiki. Weka dipoziti.” Nilipouliza habari ya wakili, akasema, “Wakili wetu atakufanyia kila kitu.”

Wetu! Wao na nani?

Niliporudi nyumbani na kusema natafuta wakala wangu mwenyewe, binamu zangu walinicheka. Ati nalipa mtu anionyeshe nyumba niliyokwisha kuiona. Hilo ndilo kosa letu. Kuonyesha nyumba hata mtu wa boda anaweza. Kazi ya wakala wako ni kutafuta sababu ya wewe kutonunua.

Wangu aliipata upesi. Alifanya sachi kwenye ofisi ya ardhi Machakos: shamba halijagawanywa, na hatimiliki bado ina jina la mzee aliyefariki. Mirathi haijaamuliwa na mahakama. Sasa aliyekuwa akiniuzia ni nani? Na hata mirathi ingekuwa tayari, hilo ni shamba la kilimo: lazima bodi ya ardhi itoe idhini, na sheria inataka maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, la sivyo makubaliano ni bure. Nilipomuuliza dalali, alijibu, “Hiyo tutapanga.”

Usiseme haya ni ya vijijini. Mavoko iko kaunti hii hii ya Machakos. Oktoba 2023, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kampuni ya East African Portland Cement, matingatinga yaliangusha nyumba za watu waliokuwa wamenunua na kujenga. Wengine walikuwa wameshika karatasi walizopewa na waliowauzia.

Utaniambia mawakala wote ni wale wale. Basi chagua kwa akili. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inataka wakala awe amesajiliwa. Mwambie akuonyeshe usajili wake. Mlipe ada mliyopatana, ununue usinunue, kwa sababu ukimpa asilimia ya bei, naye ataomba ununue haraka. Na wakili awe wako, si “wetu”.

Mimi nililipa ada, sikupata nyumba, na sijutii hata senti moja.

Ile nyumba bado ipo, imepakwa rangi upya. Juzi nikipita na matatu niliona lile gari limesimama langoni. Mtu alikuwa anashuka, soda mkononi.