Komite ya wazazi: asubuhi moja inayoamua mwaka muzima wa shule

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mwezi wa tisa, shule nyingi za Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri na kwingineko zinabandika karatasi ndogo kwenye mlango: mkutano mkuu wa wazazi, siku ya posho, saa tatu ya asubuhi. Wengi wanaisoma na kupita. Mmoja anakimbilia soko, mwingine anaenda shamba, wa tatu anasema: « Ile ni mambo ya direkta. » Siku ikifika, wazazi wachache wanakaa kwenye mabanko ya watoto wao, wanainua mikono, na komite imepatikana. Kila mtu anarudi kwake.

Miezi michache kisha, mtoto anarudi nyumbani na habari ya mchango mpya. Hapo kelele inaanza: ni nani alikubali? Jibu limeandikwa ndani ya proseverbali: wazazi walikubali, kupitia komite yao.

Komite hiyo ndiyo inayoitwa Copa. Wanaoichagua ni wazazi wenyewe, katika mkutano mkuu. Pembeni yake kuna Coges, baraza la usimamizi wa shule. Linaongozwa na mkuu wa shule, yaani direkta kwa shule ya msingi na prefe kwa sekondari. Ndani yake mna walimu na wajumbe wa wazazi, akiwemo presida wa Copa. Coges ndiyo inapanga na kufuata matumizi ya feza za shule. Kwa hiyo, mzazi anayechagua Copa anachagua pia jicho lake juu ya sanduku la shule.

Wazazi hawakupewa nafasi hiyo kama zawadi. Katika miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipokosa maana, wazazi ndio walibeba shule mgongoni kwa kulipa « prime ». Wakati ule kila mzazi alijua komite ni ya nini, kwa sababu ndiyo ilijadiliana juu ya feza itakayotoka mfukoni mwake.

Mwezi wa tisa 2019, serikali ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo katika shule za serikali, zikiwemo zile zinazosimamiwa na madini. Ni jambo ambalo Katiba ya 2006 ilikuwa imeahidi tayari katika kifungu cha 43. Wazazi walipumua. Lakini wengi walifikiri pia kwamba asiyelipa hana neno la kusema. Hapo ndipo kosa lilipo. Kama feza ya kuendesha shule inatoka kwa serikali, ni lazima mtu aulize: imefika? Imenunua nini? Na kama mtoto wa shule ya msingi anafukuzwa kwa sababu ya malipo yasiyopaswa kuwepo, ni nani atasimama mbele ya direkta? Mzazi mmoja akienda peke yake, anaogopa mtoto wake asije akaonekana vibaya. Komite iliyochaguliwa na watu wengi haiogopi hivyo.

Kwa sekondari, jambo liko wazi zaidi, kwani minervali na malipo mengine bado yapo. Kupandisha mchango wa shule kunahitaji mara nyingi sahihi ya wajumbe wa wazazi. Mjumbe ambaye ni rafiki wa prefe, au ambaye mtoto wake halipi kitu, atatia sahihi bila kuuliza.

Vita nayo imeongeza uzito wa kura hii. Familia nyingi zimehama, na watoto wao wanasoma pamoja na wa wenyeji. Mzazi aliyekimbia makwao, mama anayelea watoto peke yake, nyanya anayelea wajukuu: wote wana watoto darasani, wote wana haki ya kusikilizwa kwenye mkutano. Wasipofika, shida zao hazitakuwa kwenye orodha.

Kuna mambo ambayo kila mzazi anaweza kufanya bila kulipa hata franga moja. Aulize tarehe ya mkutano mapema. Kabla ya kuchagua mpya, aombe komite ya zamani isome hesabu yake. Aombe kura ya karatasi kama watu wanaogopa kuinua mkono mbele ya mkuu wa shule. Aangalie kama wamama wako kati ya wagombea, si kwa kupika chai ya mkutano tu. Mwishoni, proseverbali isomwe kwa sauti, watu wote wasikie.

Mkutano unachukua asubuhi moja. Mwaka wa shule una miezi kumi. Aliyekosa asubuhi ile, miezi inayobaki atakuwa analipa yale wengine walikubali kwa jina lake.