KONA YA MWALIMU: Baki Iliyopotea



Siku chache zilizopita tuliitwa kwa jirani yetu mmoja hapa Dengfeng, mama mfanyabiashara apelekaye vyombo vya nyumbani Dar es Salaam kwa kontena la kuchangia. Mwanawe, kijana wa miaka 15 anayejifunza lugha ya kompyuta iitwayo C, alikuwa amemtungia programu ya kukokotoa CBM, yaani mita za ujazo za mzigo. Kila katoni ilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 50 na kimo 40. Nazo zilikuwa katoni 30. Programu ikajibu: sifuri.

Kijana akaipanga upya hesabu, akazidisha katoni zote kwanza, ndipo akagawanya kwa milioni moja. Likatoka jibu la 3, akafurahi. Mama mtu, aliyeizoea kalkuleta yake ya dukani, akasema, "Mbona mimi napata 3.6?" Wenye kulijua soko la Xiaobei wataelewa hofu yake. Alikuwa karibu kuwatajia washirika wake mgawo wa nauli kwa hesabu ya 3, na pungufu lote lingemwangukia yeye. Sifuri humshtua mtu, lakini 3 ingepita kimya kimya.

"Mwalimu, nimeisoma mara tatu, sioni kosa," kijana akatuambia. Tukamshauri aiache programu yote kando, aujaribu ule mstari mmoja tu.

Hapo yafaa tueleze. Sisi sote hapa twajua tofauti ya mfasiri na mkalimani: mfasiri huchukua kitabu kizima akaondoka nacho, mkalimani husimama nawe dukani akageuza neno baada ya neno. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa desturi ni lugha ya mfasiri. Huandiki mstari mmoja ukajibiwa. Huna budi kuandika programu kamili, uifasirishe, ndipo uiendeshe. Mwanafunzi mwenye swali dogo huchoka.

Ipo programu ya bure iitwayo igcc, iliyoandikwa na Andy Balaam, inayomfanya mfasiri huyo aonekane kama mkalimani. Unaandika mstari, unabonyeza, jibu linakuja papo hapo. Ukikosea, .e hukuonyesha kosa, .u hufuta mstari wa mwisho, .l huorodhesha uliyoyaandika, na .q hukutoa. Yahitaji kompyuta yenye Python na kifasiri cha GCC.

Kijana akaandika 3600000/1000000, akaamuru jibu lichapwe. Likaja 3. Akaweka alama ya % mahali pa mkwaju: 600000. Tukacheka, maana hilo ndilo tulilolifundisha ubaoni miaka mingi: tatu, baki laki sita! Katika C, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, baki hutupwa bila onyo. Mwenye kuitaka aiulize kwa %. Kisha akaandika 1000000.0, akabadili na alama ya kuchapia kutoka %d kuwa %f. Ikaja 3.600000. Nukta moja tu! Na ile sifuri ya kwanza ikaeleweka pia, kwa kuwa katoni moja ni 0.12, na yote hiyo ilikuwa baki.

Tahadhari moja kwa vijana. Kwa siri igcc huifasiri na kuiendesha upya mistari yote kila mara uongezapo mmoja, ikakuonyesha matokeo mapya tu. Kwa hiyo mstari unaoandika ndani ya faili utaandika tena na tena. Wa kufuta faili msiujaribu humo kabisa.

Programu ya CBM imekwisha sahihishwa. Mama angali anaihakiki kwa kalkuleta kabla ya kumpigia wakala wa mizigo, na kijana hajakasirika.